Aliyetoka Kwenye Matete

Siku waliyorudi kutoka ziwani, mama alifunga mkanda wa gari mwenyewe. Aliuvuta kutoka begani, akaupitisha kifuani, akausukuma mpaka ukalia, kisha akaweka mikono mapajani na kutazama mbele kama abiria yeyote. Binti yake, aliyeketi kiti cha mbele, aligeuka akaona. Ilikuwa imepita miaka miwili tangu mama aweze kufunga hata kifungo cha sweta.

Binti alimtazama mumewe, mumewe akamtazama yeye, na gari likaondoka.

Mtaani kwao binti huyo aliitwa Fundi, na wengi hawakujua kama ana jina jingine. Alishona. Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia, na kamba ndefu ya nguo za wateja, kila moja imebanwa kikaratasi chenye vipimo. Mumewe alikuwa mwokaji mikate, mtu mpole wa maneno machache, aliyeondoka alfajiri na kurudi mchana akinukia hamira. Hawakujaliwa mtoto. Walikuwa na mama.

Mama alifundisha darasa la kwanza kwa miaka thelathini na mmoja. Nusu ya mji ilijifunza kusoma mbele ya fimbo yake. Alikuwa mkali, asiyejua kusifu. Ukimpelekea tisa kwa kumi aliuliza ile moja imekwenda wapi. Kisha ugonjwa wa kusahau ukamwingia kama panya aingiavyo ghalani: husikii kelele, unashtukia tu gunia limepungua. Yalianza majina, zikafuata njia, mwisho choo. Alimwita binti yake "dada", kama mtu amwitavyo mwuza duka asiyemfahamu. Alifumua mishono ya nguo za wateja. Alificha mkasi ndani ya unga. Kumwogesha ilikuwa vita, na mkono wa kushoto wa Fundi ulikuwa na alama za meno, mpya juu ya kuukuu. Dada yake mkubwa, nesi katika mji wa mbali, alipiga simu kila Jumapili kutoa maelekezo: mama ale matunda, mama atembezwe, mama asikaripiwe. Fundi alijibu ndiyo, dada, sawa, dada. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Wazo la kwenda ziwani lilikuwa la mume. Aliazima gari la mwenzake wa kazini, akasema mahali penyewe si mbali, mwendo wa saa moja na nusu, mji mdogo wenye bustani kando ya maji, na kwamba hata mashine hupumzishwa. Walifika kabla ya saa sita. Pale getini mwanamke mmoja aliwachania tiketi bila kuinua macho. Ndani kulikuwa na majani yaliyofyekwa vizuri, meza za saruji, bembea, na gati fupi la mbao lililofungiwa boti za kukanyaga kwa miguu, zenye umbo la bata mweupe. Upande wa kushoto wa gati yaliota matete marefu kuliko mtu. Watu walikuwa wamejaa kila benchi isipokuwa moja lililokuwa karibu na matete hayo, ingawa ndilo lenye kivuli kizuri kuliko yote.

Mama alipiga kelele mguu wake ulipogusa boti. Mwenye boti, mwanamume wa makamo mwenye kofia ya majani, alisema kwa adabu kwamba bibi hawezi kupanda. Mume akasema basi, tukae tu majanini. Ndipo Fundi aliposema uongo wake wa kwanza wa siku ile. Alisema ameshaongea na yule mwanamke wa getini, amekubali kumwangalia mama kwa nusu saa. Hakuwa ameongea na mtu yeyote. Alimketisha mama kwenye lile benchi tupu, akamfunga sweta mpaka shingoni, akamtia biskuti mkononi, akamwambia anakuja sasa hivi.

Nusu saa ilikwisha, mwenye boti akawapungia mkono, wakaomba nusu nyingine, na baada ya hiyo wakaomba nyingine tena. Fundi alicheka siku ile mpaka mbavu zikamuuma. Mumewe, ambaye hakuwa na sauti hata ya kumwita paka, aliimba. Walifika katikati ya ziwa, wakaacha kukanyaga, boti ikaelea. Fundi alitazama nyuma. Mama alionekana mdogo kama kifungo kilichoanguka sakafuni. Akafikiria jioni itakavyokuwa: kumvua, kumwogesha, meno, kilio, mashuka. Alikuwa ametumbukiza mkono majini, anauchezesha, na maneno yakatoka kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea na jirani aliyeketi ubavuni.

"Anayemtaka amchukue," alisema. "Anirudishie yule wa zamani."

Maji yaliyokuwa vuguvugu yalipoa ghafla kuzunguka vidole vyake. Aliutoa mkono. Mumewe akauliza amesema nini, naye akajibu, hakuna.

Waliporudi, benchi lilikuwa tupu. Biskuti ilikuwa pale pale, haijaumwa. Walikimbia huku na huku wakimwita, mume akaenda getini, Fundi akabaki amesimama mbele ya matete, na kabla hajajua apige yowe au aingie, matete yaligawanyika na mama akatoka. Alikuwa amelowa mpaka magotini. Alitembea wima, kidevu juu, ule mwendo wake wa kuingia darasani.

"Kijiti," alisema. "Mmechelewa."

Kijiti lilikuwa jina la utotoni, kwa ajili ya wembamba wake. Hakuna aliyelitumia tena duniani. Fundi alimkumbatia mama akalia kama mtoto, na katika kulia kwake alisikia harufu ya udongo wa chini kabisa ya kisima, lakini mtu anayelia kwa furaha hanusi sana.

Nyumbani, mama alioga mwenyewe. Alikula kwa kijiko bila kumwaga. Kesho yake aliamka mapema, akachemsha chai, akafagia, akaketi kwenye chumba cha kushonea akipachika vifungo, mshono mdogo, safi, uliopangika kama mwandiko wake wa ubaoni. Wateja walishika vinywa. Jirani aliuliza ni dawa ya hospitali gani. Dada mkubwa alipopiga simu Jumapili alizungumza na mama saa nzima, akikumbushwa mambo ya utotoni ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameyasahau, kisha akaomba apewe Fundi, akashindwa kusema kwa kwikwi. Jioni, Fundi alipokuwa ameinama juu ya pindo la gauni, mama alimwekea mkono shingoni.

"Umenitunza vizuri," alimwambia. "Hakuna mama aliyewahi kutunzwa hivi."

Fundi alikuwa na miaka arobaini na moja. Sentensi hiyo alikuwa ameisubiri tangu darasa la kwanza.

Sasa mambo madogo. Pini zake, alizokuwa akizitunza kwenye kopo la bati lenye kifuniko, alizikuta asubuhi ya pili zimeota kutu, zote, zimeshikana kama ugali. Akanunua nyingine, nazo kesho yake zikawa vile vile. Vitambaa vilivyokuwa vimekunjwa rafuni vilikuwa na unyevu kama nguo zilizoanuliwa mapema. Mkate ambao mume alileta mchana uliota ukungu kabla ya jua kuzama. Mama alipika vizuri lakini chumvi hakuigusa. Kijiko cha chumvi kilipopita mezani alikivuta kiti nyuma kidogo, taratibu, kama mtu anayempisha mwenzake. Na vidole vyake vilikuwa vimekunyata nchani, vyeupe, kama vya mtu aliyefua kutwa. Fundi alingoja vikauke. Havikukauka. Ni kweli kwamba kila mtu amesikia habari za jini mwenye kwato, na Fundi, akijiona mjinga, aliwahi kufunua shuka mama akiwa amejilaza mchana, akatazama miguu. Ilikuwa miguu ya mama, na kile kidole kilichopinda, na kovu la jembe. Lakini nyayo zilikuwa zimekunyata kama vile vidole.

Siku ya tatu alikuwa peke yake uani, mama ameenda kwa jirani. Aliweka beseni chini ya bomba ili aloweke kitambaa kipya kabla ya kukikata. Bomba lilikohoa, maji yakaja, na ndani ya mlio wa maji kulikuwa na mtu. Alifikiri ni redio ya jirani. Akafunga bomba, sauti ikakatika. Akafungua, ikarudi, mbali, nyembamba, inatetemeka kwa baridi, sauti aliyoijua kuliko sauti yake mwenyewe kwa sababu kwa miaka miwili iliyopita ilikuwa ikimwamsha, ikimlalamikia, ikimtukana, ikimwomba, na sasa ilikuwa ikisema, dada, wewe dada, nipeleke nyumbani, giza linaingia, dada, ulisema unakuja sasa hivi, na maji yaliendelea kujaa beseni, yakafurika, yakamlowesha miguu, naye amesimama na mkono wake juu ya bomba hauwezi kulifunga wala kuliacha, mpaka mkono mwingine uliokunyata vidole ukapita kando yake, ukalifunga.

"Unapoteza maji, Kijiti," mama alisema.

Alijua siku hiyo. Hilo ndilo jambo ambalo Fundi hakuwahi kujisamehe, na msimulizi akilipunguza atakuwa amesema uongo: alijua siku ya tatu, na alinyamaza mpaka siku ya kumi. Aliwasha redio kila alipofungua maji. Alifua kwa haraka. Birika liliposhika moto na kuanza kuongea, alitoka jikoni. Alijiambia ni uchovu, ni masikio, ni dhamiri tu, na dhamiri haizamishi mtu. Wakati huo huo alimwacha yule mwingine amsuke nywele, amsugue miguu iliyochoka kukanyaga cherehani, amwambie alikuwa mtoto mzuri, na kwamba ile alama moja iliyopotea kwenye tisa kwa kumi haikuwa na maana. Kila neno aliliona linamwingia tumboni kama chai ya moto. Na kila neno lilipopoa alikumbuka kwamba mahali fulani kuna mwanamke mzee anayemsubiri ndani ya maji amalize kunywa.

Mume ndiye aliyevunja ukimya. Siku ya kumi alirudi mchana, akamkuta mkewe amekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Aliketi karibu naye. Ndani, mama alikuwa akiimba wimbo wa herufi.

"Mke wangu," alinong'ona, "huyu siye."

Fundi alimwambia anyamaze, atasikia.

"Nimejua tangu mkate wa kwanza," alisema. "Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa unacheka tena. Na mimi nilikuwa nalala. Usidhani ni wewe peke yako."

Wakakaa hapo, watu wazima wawili, wakiona haya kutazamana.

Mwokaji mwenzake alimwelekeza kwa mganga mmoja. Alikuwa mwanamke aliyepanga chumba nyuma ya saluni, na watu walimwita Miwani kwa ajili ya miwani yake iliyofungwa uzi upande mmoja wa sikio. Chumbani mwake hapakuwa na pembe wala ngozi ya mnyama. Palikuwa na viti vitatu vya plastiki, kalenda, na harufu ya mafuta ya nywele iliyopenya ukutani. Aliwasikiliza bila kuwakatiza. Alitaka kujua kuhusu pini, chumvi, vidole. Halafu akavua miwani, akamgeukia Fundi.

"Ulisema nini ulipokuwa majini?"

Fundi alisema hakusema kitu. Miwani aliifuta miwani yake kwa upindo wa gauni, akasubiri. Upande wa pili wa ukuta kikaushio cha nywele kilikuwa kikivuma, na Fundi alianza kusikia ndani ya mvumo ule kitu ambacho hakutaka kukisikia. Lakini hata hapo hakuweza kulisema mbele ya mumewe. Alisema tu kwamba alitamani jambo, akalitamka.

Miwani hakumlazimisha. Alieleza kwa sauti ya kawaida, kama anayeeleza namna ya kupanga foleni. Alisema jini akimpanda mtu, mtu huyo anaweza kupungwa, kwa sababu mwenye mwili yupo na jini ni mgeni. Hapa hakuna aliyepandwa. Huyu ni wa maji, amekaa mahali pa mtu, na mtu amekaa mahali pake. Hakuiba. Alipewa. Mganga hawezi kumfukuza aliyekaribishwa na mwenye nyumba. Ni mwenye nyumba amwambie atoke, pale pale alipomkaribishia, kwa maneno yale yale, bila kupunguza hata moja.

"Na unisikilize vizuri kabla hujaenda," aliongeza. "Utakayempata ni mama yako jinsi alivyo. Si jinsi ulivyomtaka."

Walienda kesho yake. Hawakuwa na haja ya kudanganya. Walipomwambia mama kuna safari, alikuwa ameshavaa sweta, amechukua na chupa ya chai. Alikaa kiti cha nyuma, mikono mapajani. Nusu ya njia alitazama dirishani. Kisha walipopita mahali ambapo barabara inaanza kuteremka na maji yanaonekana kwa mbali, yameng'aa, alisema kwa upole kabisa:

"Nimekukosea nini, Kijiti?"

"Hujanikosea."

"Nimekula sana? Nimekuchosha?"

Fundi alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kwenye kola. Mkono ukaja kutoka nyuma, ukampangusa shavu, na ulikuwa wa baridi, umelowa, na wenye huruma ya kweli, na hilo ndilo lililomtisha kuliko yote, kwamba hakuona ubaya wowote katika mkono ule, kwamba angeweza kumwambia mumewe geuza gari na mumewe angegeuza, na wangeishi hivyo miaka, pini zikishika kutu, mkate ukioza, redio ikipigwa siku nzima, na jirani wakiwasifu. Mume aliushika usukani mpaka vifundo vya vidole vikawa vyeupe. Hakugeuza.

Ilikuwa siku ya kazi. Bustani haikuwa na watu. Mwenye boti aliwakumbuka. Aliwasogelea, akamtazama mama, akarudi nyuma hatua moja, akazungumza na mume pembeni. Alisema wiki nzima wageni wamelalamika kwamba kuna mtu analia kwenye matete. Wamezunguka kwa boti, wamepekua kwa fito, hawajapata kitu. Alisema wenyeji hawaketi pale, na lile benchi lingeng'olewa zamani kama si uvivu wao. Alipomaliza alivua kofia, akaishika kifuani, kama mtu aliye msibani.

Fundi na mama waliketi kwenye benchi. Mume alisimama nyuma yao. Matete hayakutikisika, ingawa kulikuwa na upepo. Bembea zilikuwa zikicheza zenyewe.

"Nilikaa hapa," Fundi alianza, halafu akaona ameanza kupunguza. Akaanza upya. "Nilimwacha mama yangu hapa. Nilimdanganya mume wangu kwamba kuna mtu wa kumwangalia. Nikaenda katikati ya maji, nikasema, anayemtaka amchukue, anirudishie yule wa zamani. Sikusema kwa hasira. Nilisema nikiwa na furaha." Alisikia pumzi ya mumewe ikikwama nyuma yake, hakugeuka. "Ninayarudisha maneno yangu. Namtaka aliyekuwepo. Wewe toka."

Mama aliyekuwa kando yake aliyatazama matete. Alipoongea, sauti ilikuwa ile ile, ya ubaoni, ya chai ya asubuhi.

"Mimi sikuja kuiba. Niliitwa."

"Najua."

"Yule hakujui. Atakuuma. Utamsafisha mpaka afe, na atakufa bila kujua ulikuwa nani."

"Najua."

"Mimi nitakukumbuka," ilisema.

Ikasimama. Ikavua sweta, ikalikunja vizuri mikono ikiwa ndani, ikaliweka kwenye benchi. Kisha ikaingia kwenye matete, wima, kidevu juu, na maji hayakutoa hata kiwimbi kilipopita kifua chake, wala kichwa.

Kukawa kimya. Fundi alihesabu pumzi zake mpaka akapoteza hesabu, na katika ukimya ule kulimjia wazo kwamba amewatoa wote wawili, kwamba sasa hana hata mmoja, kwamba ziwa limechukua na halitoi risiti, kwamba siku saba alizojua na kunyamaza zilikuwa ndizo siku saba ambazo mwanamke yule angeweza kuzimaliza akiwa hai, na wazo lilipofika hapo alisikia kilio, si ndani ya bomba wala birika bali mbele yake, cha mtu mwenye koo, akajitupa majini na viatu vyake, matete yakimkata uso na viganja, tope likimshika vifundo vya miguu kama mikono, mumewe akimwita nyuma, maji magotini, maji mapajani, maji kiunoni, mpaka akamwona.

Mama alikuwa amesimama ndani ya maji amekumbatia mabua kwa mikono miwili. Nywele zake zilikuwa tope tupu. Midomo ilikuwa ya bluu.

"Dada," alisema huku meno yakigongana. "Naomba unipeleke kwetu. Nimeita watu, hawaji."

Fundi alipomshika, alimng'ata. Alimng'ata pale pale penye alama, kwa nguvu iliyobaki, na Fundi hakuutoa mkono mpaka walipofika nchi kavu.

Hospitalini daktari alisema ni baridi na njaa ya siku moja, labda na nusu, akauliza kwa ukali aliachwaje nje. Fundi alijibu kwamba ni yeye aliyemwacha. Mume hakumwuliza lolote kuhusu yale aliyoyasikia kwenye benchi, si siku ile wala baadaye. Lakini tangu hapo, kila alipotoka alimwomba jirani kwa jina aje akae na mama, akamsubiri aingie ndani ndipo aende, mkewe akimtazama tu. Dada mkubwa alipopiga simu na kusikia mama hamjui tena, alilaumu, akauliza wamembadilishia dawa gani. Fundi alijibu ndiyo, dada. Alimwacha alaumu.

Mama aliishi miezi saba zaidi. Ilikuwa miezi mibaya. Mashuka, meno, kilio cha jioni, mishono iliyofumuliwa. Fundi aliyafanya yote, na alijifunza kuyameza maneno yake kabla hayajafika kooni, kwa sababu alijua sasa kwamba ulimi hauna mfupa lakini kuna anayesikiliza. Kuna siku alimsafisha kwa upendo na kuna siku alimsafisha kwa hofu, na mama hakuzitofautisha.

Mwezi wa tatu, alasiri moja, alikuwa akimlisha uji. Mama aligeuza uso kutoka kwenye kijiko, akamtazama. Yale macho yaliyokuwa yakipita juu ya vitu kama mtu asiyejua kusoma apitavyo juu ya maandishi, yalitua. Yakamsoma.

"Mwanangu," alisema. "Umechoka sana."

Bakuli lilianguka. Fundi alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga mlango, akatoka, akaufunga, akaushika kitasa kwa mikono miwili kwa nje. Akaketi sakafuni bila kukiachia. Ndani, sauti iliita mara ya pili, "Mwanangu?" kama mtu anayeuliza tu kulikoni. Ikaita mara ya tatu. Kisha ikanyamaza. Mume aliporudi alimkuta bado amekishika kitasa. Alimwondoa vidole kimoja kimoja, akaufungua mlango. Mama alikuwa amekaa kitandani, uji kifuani, anachezea upindo wa shuka. Alimwuliza mume kama yeye ndiye mwenye gari la kwenda kwao.

Siku iliyofuata Fundi alikwenda kwa Miwani, akamweleza. Alitaka kuambiwa alifanya vyema. Miwani alimsikiliza mpaka mwisho, akairekebisha miwani yake kwenye uzi.

"Wenye ugonjwa huo hupata dakika kama hiyo," alisema. "Mara moja, mara mbili, wengine hawapati kabisa. Na jini uliyemtoa mwenyewe haji kuketi kitandani kuuliza kama umechoka. Yule alikuwa mama yako."

Fundi alirudi nyumbani, akavuta kiti kando ya kitanda. Alisema, mimi hapa, mama. Mama alitazama dirishani. Alisubiri jioni hiyo, na kesho yake, na kila alasiri ya miezi minne iliyobaki, cherehani imefunikwa, nguo za wateja zimechelewa kambani. Hakuitwa tena.